AWD ninayo, tairi za theluji za nini tena?

"Habari fundi. Nimehamia Aurora, Colorado mwezi wa saba nikitokea Dallas. Mimi ni nesi, na kuanzia mwezi wa kumi na moja nimepangiwa zamu Frisco huko juu milimani mara mbili kwa wiki, naondoka nyumbani mchana, zamu inaisha saa tano usiku ndo nageuza. Gari ni RAV4 ya 2019, daraja la XLE Premium, AWD, tairi 235/55R19 zile za misimu yote, gereji walipima kina wakasema zimebaki 5/32 ya inchi. Wenzangu kazini wananiambia kwa AWD hiyo sihitaji kitu kingine. Mume wangu alifanya kazi Oman miaka sita, anasema nipunguze upepo tu kama walivyokuwa wanafanya kwenye mchanga, halafu tuweke cheni kwenye buti. Binamu yangu yuko Minnesota, yeye anasema bila tairi za theluji nitakuja kufa. Nina dola 700. Sijawahi kuendesha kwenye theluji hata siku moja. Nianzie wapi?"

Dada yangu, karibu Colorado, na pole na hilo baraza la ushauri ulilonalo maana kila mmoja hapo amekupa kipande chenye ukweli kidogo na wote ukiwasikiliza kwa pamoja utabaki umesimama sebuleni na funguo mkononi. Mi nafunga tairi hapa Denver mwaka wa kumi na moja huu, kabla ya hapo nilikuwa fundi Dar pale Gerezani, kwahiyo najua ulikotoka na najua hiyo njia ya kwenda Frisco. Nikielewa vizuri unauliza vitu viwili: je hiyo AWD, yaani gari kusukumwa na magurudumu yote manne, inatosha, na kama haitoshi hizo dola 700 ziende wapi kwanza. La kwanza jibu lake fupi, haitoshi. La pili lina maneno mengi kidogo, vuta kiti.

Anza na hiyo 5/32 maana hapo ndo umenishtua. Barabara ya I-70 kati ya Morrison na Dotsero, yaani kipande chote cha mlimani utakachopita wewe na zaidi, ina sheria ya jimbo kuanzia tarehe 1 mwezi wa tisa mpaka tarehe 31 mwezi wa tano kila mwaka. Ukiwa na AWD bado tairi zako lazima ziwe na kina cha kashata, yaani yale meno ya tairi, kisichopungua 3/16 ya inchi. Sasa 3/16 ni sawasawa na 6/32. Wewe una 5/32. Umeshapungukiwa kabla hata theluji haijadondoka, na faini inaanzia zaidi ya dola 130, ukiteleza ukaziba barabara kwa sababu ya tairi hizo inapanda zaidi ya dola 650, yaani bajeti yako yote hiyo inaondoka na karatasi moja ya askari. Njia nyingine ya kuitii sheria hiyo ni kubeba cheni au kifaa mbadala kinachokubalika, nitafika huko. Na kuna watu watakuambia pima kwa sarafu ya robo dola, ukiichomeka kichwa chini kashata ikigusa kichwa cha Washington basi uko salama, hapana, hiyo robo inapima kama 4/32 tu, haifiki kiwango cha mlimani. Nunua kipimo chenyewe, ni dola chache, kinakaa kwenye kidroo cha gari.

Kwahiyo ujue kabisa hela ya tairi ilikuwa inakusubiri hata bila baridi. Swali lako halikuwa ninunue au nisinunue, ni ninunue zipi.

Sasa hiyo AWD. Wenzako kazini hawadanganyi, wamechanganya tu kuondoka na kusimama. AWD inagawa nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne, ukiwa kwenye taa kwenye kilima chenye theluji wenzako wenye gari zinazovuta kwa magurudumu ya mbele tu wanazungusha tairi wewe unaondoka kama hakuna kitu. Raha kweli. Ila ukikanyaga breki, injini haina tena kazi hapo, kila gari duniani ina breki kwenye magurudumu manne, hata kale ka-Corolla ka jirani, kwahiyo kwenye kusimama wewe na yeye mko sawa, tena wewe ni mzito zaidi. Na kwenye kona hivyo hivyo, kinachokushika ni mpira ulioko chini. Kila tairi inagusa lami eneo la kama kiganja chako tu, viganja vinne ndo vimeshika tani moja na nusu na ushee. Hiyo RAV4 haijui kitu kingine kuhusu barabara zaidi ya kile viganja vinavyomwambia.

Fanya hesabu ya fizikia ya sekondari. Ukiwa maili 30 kwa saa kwenye lami kavu, ukibana breki unasimama ndani ya kama mita 12. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, mshiko ukishuka mpaka robo ya ule wa lami, ni mita 46 hivi. Kwenye barafu tupu inayoteleza vizuri unazidi mita 90, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Hapo sijahesabu hata muda wa wewe kushtuka. Na ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama unakuwa mara nne. Shida ya AWD ni kwamba inakunyima onyo, mwenye gari dhaifu anajua toka anatoka kwenye maegesho kwamba leo kuna utelezi, wewe gari inaondoka vizuri tu unajiona uko juu, unakuja kugundua kwenye kona ya kwanza unayotaka kusimama. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa na gari ya AWD na kiburi cha ufundi juu, nikashuka kilima kimoja kidogo cha mtaani, wala sio mlima, nikakanyaga breki na gari ikaendelea kushuka taratiiibu kama mtu anayetembea, nina muda wote wa kuwaza na hakuna ninachoweza kufanya, ikaenda kugonga ukingo wa barabara. Mwendo wa maili nane. Rimu ilipinda na mkono wa mguu wa mbele ukaenda.

Tuje kwenye mpira wenyewe maana watu wanadhani tairi ya theluji ni kashata kubwa tu. Kwetu tumezoea hivyo, masika ikiingia unatafuta tairi yenye meno makubwa, inachimba tope na kulitupa nje. Theluji ni kinyume chake. Tairi ya theluji inataka kuibakiza theluji kwenye mifereji yake, kwasababu hakuna kitu kinachoshika theluji kama theluji yenyewe, ndo maana watoto wanaifinyanga inakuwa tonge. Mifereji inajaa, ile iliyojaa inashikana na iliyoko chini, unaenda. Halafu ukiangalia karibu kila kipande cha kashata kimechanjwa vichanjo vyembamba vingi kama vya wembe, mamia kwa mamia, hivyo vinafunguka tairi inapogusa chini na kila kimoja kinakuwa na kingo yake ya kung'ata.

La pili na kubwa zaidi ni mpira umechanganywa na nini. Unajua mafuta ya nazi, Dar chupani ni maji, ukiyapeleka Lushoto asubuhi ya mwezi wa saba yameganda huwezi kuyamimina. Mafuta ni yale yale, baridi tu. Mpira wa tairi unafanya kitu cha namna hiyo, unapoteza ulaini kadri baridi inavyozidi, tairi za kiangazi na hata nyingi za misimu yote zinaanza kuwa ngumu joto likishuka chini ya kama nyuzi 7 za Selsiasi, huku wanasema 45 za Farenhaiti, na mpira mgumu hauingii kwenye vijitundu vya lami wala haubonyei kwenye barafu. Tairi za theluji zimetengenezwa zibaki laini hata kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri. Kwahiyo hata siku ambayo hamna theluji kabisa, lami kavu lakini baridi kali, bado zina kazi. Hawa watu wa Finland ndo walianza mambo haya, Nokian walitoa tairi ya theluji ya malori mwaka 1934 na ya magari madogo mwaka 1936, na mpaka leo jina lile la Hakkapeliitta lipo madukani.

Na barafu, kitu kimoja ambacho wageni hawakijui: barafu ya karibu na sifuri inateleza kuliko barafu ya baridi kali sana. Ikiwa karibu na kuyeyuka juu yake panakuwa na utando wa maji, tairi inaelea kwenye huo utando. Sasa Colorado jua ni kali, mchana linayeyusha theluji inatiririka barabarani, saa tano usiku unapotoka zamu yale maji yameshaganda na ukiyaangalia kwa taa unaona lami nyeusi tu imelowa. Wewe ratiba yako inakukutanisha na hiyo barafu nyeusi moja kwa moja. Kwenda mchana utakuwa unaimba, kurudi ndo kazi.

Tairi utaziona za aina tatu dukani na majina yanachanganya makusudi nadhani. Kuna hizo zako za misimu yote, pembeni zimeandikwa M+S, yaani tope na theluji, hiyo alama inatolewa kwa umbo la mifereji tu, hamna mtu aliyeipeleka kwenye theluji kuijaribu. Kisha kuna alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, hiyo imekuwepo tangu 1999 na ili kuipata tairi lazima ijaribiwe kwenye theluji na iishinde tairi ya kupimia kwa kiwango kilichowekwa. Ila ujue jaribio lenyewe ni la kuondoka, kuvuta, kwenye theluji. Breki kwenye barafu haipimwi hapo. Kwahiyo hiyo alama ni cheti cha kuingilia mlangoni tu.

Wenye hiyo alama wako makundi mawili. Wapo wa theluji kabisa, akina Bridgestone Blizzak, Michelin X-Ice, hao Nokian, ambao ukifika kiangazi inabidi uwavue. Na wapo wanaoitwa all-weather, usichanganye na all-season, ni neno moja limebadilika lakini mpira tofauti, kama Michelin CrossClimate 2 au Nokian Remedy, hao wana alama ya mlima na unaweza kubaki nao mwaka mzima. Kwenye theluji wako vizuri sana kwa kweli, hapo nawavulia kofia. Kwenye barafu wanaachwa na wale wa theluji kabisa, kwasababu mpira wao lazima uvumilie pia lami ya mwezi wa saba ya nyuzi 35.

Binamu yako wa Minnesota basi ana haki lakini ametia chumvi. Ungekuwa unazunguka Aurora na Denver tu, kazi mjini, ningekuambia chukua hizo za all-weather ulale usingizi, theluji ya Denver mara nyingi siku mbili tatu jua limeshaimaliza. Wewe sio mtu wa mjini tu. Wewe unapanda mara mbili kwa wiki mpaka handaki la Eisenhower ambalo liko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hapo umeshapita kibanda cha Mandara unakaribia Horombo, halafu unashuka upande wa pili mteremko mrefu mpaka Silverthorne, na yote hiyo unairudia usiku. Kwa safari hiyo mimi mkono wangu unaenda kwenye tairi za theluji kabisa, sina kigugumizi.

Sasa hela. Kwenye rimu zako za inchi 19 tairi ni ghali, saizi kubwa za rimu namna hiyo huwa zinapanda bei bila sababu ya maana kwa mtu kama wewe, seti ya all-weather nzuri itakula 850 na kuendelea ukiweka na kufunga. Lakini RAV4 ya mwaka huo huo za daraja la chini zilitoka kiwandani na inchi 17, tairi 225/65R17, breki zinaingia bila shida. Hiyo ndo njia yako. Tairi ya theluji ya saizi hiyo inacheza kama dola 150 hadi 190 moja kutegemea kampuni. Tena inchi 17 ina faida yake, ukuta wa tairi ni mrefu zaidi kwahiyo ukigonga shimo lililojificha kwenye theluji mpira unameza badala ya rimu kupinda, na ni nyembamba kidogo, nyembamba inakata theluji kushuka chini wakati pana inataka kupanda juu yake. Spidi mita itakudanganya kidogo, itasoma kama asilimia mbili zaidi ya mwendo halisi, sio mbaya, ni ya kukupunguza mwendo.

Rimu zipo za chuma mpya, sura mbaya ila kazi moja, kama dola 80 hadi 100 kila moja. Au, na hii ndo ningefanya mimi, tafuta rimu za kiwandani za RAV4 za inchi 17 zilizotumika, watu wengi wanazivua wakinunua za mapambo na seti nzima unaweza kuipata kwa 250 au chini ukiongea vizuri. Ziwe na matundu matano kwa milimita 114.3 na tundu la katikati 60.1, muuzaji akikuambia "zinaingia tu" muombe picha ya gari ilikotoka. Angalia nati pia, rimu nyingine za Toyota zinatumia nati bapa zenye washa na za chuma zinataka nati zenye koni, ukichanganya gurudumu linalegea barabarani, hilo usibahatishe, mwonyeshe fundi kabla. Na kwenye rimu mpya hakutakuwa na sensa za upepo, taa ya tairi itawaka kwenye dashibodi msimu mzima na gereji zingine zitakukatalia kufunga bila sensa, kwahiyo uliza bei yake kwenye simu kabisa usije ukashangaa kaunta.

Jumla inafika kama 950 mpaka 1,100. Najua ulisema 700. Lakini angalia hivi: zile 5/32 zako ukiziweka stoo msimu wa baridi bado zina maisha, zitakumalizia kiangazi kijacho na pengine kinachofuata. Ukinunua all-weather leo, zile unazitupa. Seti mbili zinapokezana, kila moja inalika nusu ya mwaka, kwahiyo kwa miaka minne mitano hujanunua tairi nyingi zaidi, umezinunua mapema tu. Na zikiwa kwenye rimu zake kubadilisha ni nusu saa, hata mume wako anaweza, badala ya kumlipa mtu ang'oe na kupachika tairi mara mbili kila mwaka. Kama hizo 300 za ziada hazipatikani kabisa kabla ya mwezi wa kumi na moja, na hapo sikusimangi, hela ni hela, omba duka lipokee kidogo kidogo, mengi yana mpango huo, au shuka kampuni, ipo General Altimax Arctic 12 ambayo bei yake ni ya huruma na nimeifunga kwa watu wengi wa milimani hawajalalamika. Ninachokukataza ni kununua mbili tu. Hapo kila mwaka napata mtu. Anaweka mbili za mbele, mbele inashika, nyuma haishiki, kwenye kona ya barafu mkia unampita kichwa. Na kwenye AWD tairi zisizolingana zinachosha mfumo wenyewe. Nne au subiri.

Na za mtumba, kama utashawishika, pembeni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi ya theluji ya miaka saba hata kama kashata imesimama mpira umeshakauka, na uliinunua kwa ajili ya mpira.

Shemeji sasa. Kupunguza upepo kwenye mchanga wa Oman ni sahihi kabisa, pale unataka tairi ijitandaze ielee juu. I-70 chini ya theluji kuna lami ngumu na unataka tairi ikate ifike huko. Ukipunguza upepo katikati ya tairi pananyanyuka, vile vichanjo vinajifunga, na ukiingia maili 60 tairi inachemka. Tena baridi yenyewe inakupunguzia bila kuombwa, kila joto likishuka nyuzi 10 za Farenhaiti unapoteza kama psi moja. Kwahiyo fuata kibandiko cha mlango wa dereva, pima asubuhi gari ikiwa ya baridi, kila mwezi.

Cheni. Shemeji hapa amepatia nusu. Cheni ni kama ngazi ya zimamoto, unakuwa nayo ila huishi juu yake. Zinafungwa gari ikiwa imesimama, kwenye baridi, mikono imekufa ganzi, na mwendo wake hauzidi maili 30 kwa saa, ukifika lami tupu unazitoa la sivyo zinakatika na kupiga bodi. Huwezi kuzitumia kama mpango wa mara mbili kwa wiki. Halafu fungua kitabu cha gari kabla hujanunua, magari mengi yenye rimu kubwa kitabu kinakataza cheni kabisa kwasababu nafasi kati ya tairi na mguu ni ndogo, hiyo nayo ni sababu nyingine ya kwenda 17. Kwa wewe ningechukua soksi za tairi, zile za kitambaa kama AutoSock, Colorado inazikubali kama kifaa mbadala, nyepesi, zinavalishwa kwa dakika chache, na dhoruba ikiwa mbaya jimbo likatangaza hatua ya juu ya sheria ya cheni kwa magari madogo unakuwa nazo mkononi. Zivalishe mara moja nyumbani mchana, kavu, na glavu zako. Barabarani simama kwenye sehemu maalumu za kufungia cheni, usisimame pembeni ya njia, malori hayakuoni.

Tairi za misumari, zile zenye vichuma vilivyochomoza kwenye kashata, wacha. Kwenye barafu tupu ni kiboko, ila wewe sehemu kubwa ya njia yako ni lami kavu au iliyolowa na hapo zinapiga kelele na kushika vibaya.

Ukishafunga, rudi gereji baada ya maili 50 hadi 100 wakaze nati tena, sio mapambo hayo, rimu mpya zinakaa sawa ndo nati zinalegea kidogo. Na usizivue mwezi wa nne wenzako wa mjini wanapovua, zile za inchi 19 hazifikii kiwango na sheria ya mlimani inaenda mpaka mwisho wa mwezi wa tano, vumilia, zitalika kidogo kwa joto lakini huko juu mwezi wa tano theluji inadondoka vizuri tu.

Kuna mambo siwezi kuyaona kutoka hapa. Taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukibana breki, ikiwaka, gari ikivuta upande mmoja ukikanyaga breki, usukani ukitetemeka kuanzia maili 50, au ukigonga ukingo wa barabara hata polepole kama mimi, usiisubiri zamu ijayo, ipeleke ipandishwe juu ikaguliwe. Na kabla ya kupanda mara ya kwanza, theluji ya kwanza ikidondoka Aurora nenda maegesho matupu asubuhi ya Jumapili na shemeji, kimbia maili 15, kanyaga breki mpaka chini uisikie ABS inavyotetemesha pedali, watu wakisikia ule mtetemo wanaachia kwa woga, usiachie, iache ifanye kazi. Kuna shule za udereva zinazofundisha barafuni, ukipata nafasi lipia, kwa mtu ambaye hajawahi hata siku moja ni hela nzuri kuliko cheni. Ukishuka kutoka kwenye handaki shusha gia, weka mkono wa gia kwenye S uvute chini, breki ziguse tu. Angalia COtrip, tovuti ya jimbo ya hali ya barabara, kabla ya kutoka, na ukiona I-70 imefungwa piga simu kazini mapema.

Na huyo shemeji mwambie mchanga nao hatujaukataa, kimfuko kimoja kwenye buti, wa kumwaga chini ya tairi ukikwama kwenye maegesho ya Frisco saa tano usiku.